Barua ya wazi: Mtuambie na sisi tunaoishi chini ya njia ya ndege

Kwenu wakubwa mnaosimamia usafiri wa anga, viwanja vya ndege, ardhi ya manispaa na uokoaji katika mkoa wetu wa Mtwara.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, upande wa kusini wa mji, kule ambako watu wa Naliendele wanapita kila siku kwenda na kurudi mjini. Naandika kwa jina langu kama mkazi, si kwa niaba ya ofisi, ingawa majirani wengi wamenihimiza niandike tangu zilipotufikia habari za Mwihoko.

Mwihoko ni mtaa wa watu wa kawaida huko Kiambu, nchini Kenya, jirani na Githurai. Mchana wa tarehe 7 Agosti 2025 ndege ndogo ya Amref Flying Doctors, aina ya Cessna Citation, iliruka kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi kwenda Hargeisa. Dakika chache baadaye mawasiliano yakakatika, ndege ikaangukia makazi ya watu. Wote wanne waliokuwa ndani walikufa. Chini nako wakafa wawili, watu ambao hawakukata tiketi, hawakufunga mkanda, wala hawakujua kwamba siku hiyo kuna safari.

Nimewafikiria sana hao wawili. Kila ndege inapoanguka tunahesabu abiria na wahudumu, tunatajiwa aina ya ndege na jina la kampuni, kisha mwisho wa taarifa ndipo linakuja lile neno fupi, "na watu wengine waliokuwa chini". Mimi na majirani zangu ndio hao watu wengine waliokuwa chini, kabla hakijatokea chochote. Ndiyo maana nimeona niseme mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Na si Mwihoko peke yake. Huko huko Nairobi, tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliyobeba miraa iliangukia jengo pale Utawala muda mfupi baada ya kupaa kutoka Jomo Kenyatta, wakafa wote wanne waliokuwamo. Goma, mji wa wenzetu wanaosema Kiswahili kama sisi, Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228 ilipaa kwenda Beni ikaangukia nyumba za mtaa ulio jirani kabisa na uwanja. Mji huo huo ulikuwa umeshaonja msiba wa namna hiyo Aprili 2008, ndege kubwa zaidi ilipoingia katika mtaa wa sokoni wa Birere. Na Juni 2025, Ahmedabad nchini India, Boeing 787 iliyokuwa imepaa sekunde chache tu iliangukia hosteli ya chuo cha udaktari. Chini walikufa watu 19, wengine wakiwa mezani wanakula chakula cha mchana.

Mkizitazama ajali hizo mtaona zote zilitokea ndege ikiwa inajaribu kupaa au ndiyo kwanza imepaa. Sehemu kubwa ya ajali za ndege duniani hutokea wakati wa kupaa na wakati wa kutua, na sababu yake haihitaji usomi mwingi: ndege iko chini, mwendo wake bado mdogo, na rubani hana mwinuko wa kumpa nafasi ya kufikiri. Wakati wa kupaa tena matangi yamejaa. Maana yake ni kwamba hatari haikusambaa sawasawa juu ya mkoa mzima. Mtu wa Tandahimba hana sababu ya kuandika barua hii. Hatari imejipanga kwenye vipande viwili vya ardhi vinavyojulikana, mwisho huu wa njia ya kurukia na mwisho ule.

Naomba nisieleweke vibaya. Sitaki uwanja uhamishwe, na sina neno baya dhidi ya wanaorusha ndege. Tumeutamani uwanja mzuri kwa miaka mingi. Tulifurahi njia ya kurukia iliporefushwa hadi mita 2,800 na Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja kuuzindua mwaka 2023. Watu wa Kusini tunajua maana ya kukatikiwa na barabara. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Dar es Salaam kukatika pale Somanga, kila mwenye mgonjwa wa rufaa alijua thamani ya ndege. Msimu wa korosho wanakuja wanunuzi, wanakuja watu wa gesi, zinakuja ndege ndogo za kukodi. Zije. Lakini uwanja ukikua, shughuli nazo zinaongezeka, na ardhi inayouzunguka inapanda bei. Hapo ndipo penye shida yangu.

Wiki chache zilizopita walikuja kwangu kijana mmoja na mkewe, mtoto mgongoni. Walikuwa wananunua kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini kutoka kwa mzee mmoja anayekata shamba lake la mikorosho vipande vipande. Karatasi ya mauziano ilikuwa imechanwa kwenye kaunta buku, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mipaka imetajwa kwa majina ya majirani na mkorosho mmoja mkubwa. Walitaka mashahidi. Tukiwa tumekaa barazani, ndege ya kwenda Dar es Salaam ikapita juu yetu. Ikabidi wote tunyamaze, maana hata ukipiga kelele husikiki, na mabati ya baraza yakawa yanatetemeka kwenye misumari. Ilipopita, yule mama kijana akauliza, "Sasa hizi ndege, hakuna shida?" Mzee akamjibu kwa upole, "Mtazoea, mwanangu."

Mzee hakusema uongo. Kelele huzoeleka. Ila swali la yule mama halikuwa la kelele, na pale barazani hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye karatasi ya kumjibu. Hapakuwa na ramani ya kumwonyesha kwamba kiwanja chake kiko ndani au nje ya mstari. Nikaanza kuitafuta ramani hiyo. Ofisi ya kwanza ikanielekeza ya pili, ya pili ikaniambia mambo ya urefu wa majengo yanashughulikiwa na wengine, na hao wengine wakaniambia niandike barua. Sikufokewa na mtu, wote walinipokea vizuri. Nilichogundua ni kwamba kila mmoja ana kipande chake cha jambo, na hakuna aliyepewa kazi ya kuviunganisha na kumletea mwananchi.

Kanuni zenyewe zipo, na si za kubahatisha. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka viwango ambavyo nchi yetu inavifuata. Kwa uwanja wa ukubwa kama wa kwetu, kuanzia mita 60 baada ya mwisho wa njia ya kurukia, anga inayotakiwa kuwa wazi inapanda mita moja kwa kila mita 50 unazokwenda mbele. Tufanye hesabu hiyo kwa vitu vya mtaani. Ukisimama mita 300 kutoka inapoanzia, ruhusa ya urefu ni mita 6. Nyumba ya kawaida yenye paa la mgongo imeshakaribia hapo. Weka tangi la maji juu ya mnara wa chuma, kama watu wanavyofanya siku hizi kwa sababu ya shida ya maji, umeshapita. Mnazi uliokomaa wa mita 20 unahitaji kuwa kilomita nzima mbali. Mnara wa simu wa mita 40 unahitaji kilomita mbili. Ni hesabu ya darasa la sita, mtu yeyote mtaani angeielewa. Hakuna aliyemweleza.

Wenye minara ya simu wanajua, kwa sababu wana wanasheria na wahandisi, na wanaomba kibali cha urefu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kusimamisha chuma. Fundi wetu wa mtaani anayejenga kwa tofali mia mbili mwezi huu na mia moja mwezi ujao hajui kwamba kuna kibali cha namna hiyo.

Na urefu si jambo lote. Kuna jingine ambalo naliona kubwa zaidi, na silisikii likisemwa kabisa. Rubani wa ndege yenye injini moja hufundishwa kwamba injini ikizima mara tu baada ya kupaa, asijaribu kugeuza kurudi uwanjani. Akigeuza akiwa chini na mwendo mdogo, ndege hupoteza nguvu ya kuelea na kuporomoka. Anachotakiwa kufanya ni kushusha pua, kushika mwendo, na kutua mbele yake, kulia kidogo au kushoto kidogo, popote palipo wazi. Hiyo ndiyo nafasi yake ya kuokoka.

Sasa jiulizeni mbele yake kuna nini. Upande wetu, leo bado kuna mashamba ya mihogo na vipande vya nyasi ambako ndege ndogo inaweza kuvunjika magurudumu na mabawa, watu wakatoka wakiwa hai. Hapo hapo ndipo viwanja vinapouzwa kwa hatua. Shamba la mihogo linalobaki wazi linamwokoa rubani, linamwokoa abiria, na linamwokoa yule ambaye nyumba yake haikujengwa pale. Likishajaa nyumba haliokoi mtu. Hakuna mtambo utakaonunuliwa baadaye kwa fedha yoyote utakaorudisha nafasi hiyo. Njia iliyobaki itakuwa ni rangi nyekundu, ile alama ya X ukutani, na mabishano ya fidia ya miaka.

Najua jibu ambalo huwa linatolewa, kwamba wananchi ndio wameufuata uwanja. Kwa baadhi yetu ni kweli. Lakini mtu hawezi kukwepa mstari asiouona. Nyinyi mnajua bikoni za kiwanja cha makazi zilivyo, kile kijiti cha zege kinachofika chini ya goti, kimepakwa chokaa, na mtoto wa darasa la pili anajua kwamba haking'olewi. Watu wetu wanaziheshimu bikoni. Wekeni za kwenu, za rangi tofauti, pale inapopita mipaka ya eneo la tahadhari, na mbao zilizoandikwa kwa Kiswahili: kuanzia hapa nyumba isizidi urefu fulani, kuanzia hapa hakuna kujenga. Mtashangaa watu watakavyotii. Atakayejenga baada ya hapo atakuwa amejua, na hata nyinyi mtakuwa na haki ya kumwambia.

Wazee wetu ambao mashamba yao yataangukia ndani ya mstari wa kutojenga, msiwaache hivi hivi. Yule mzee hauzi kwa tamaa, anauza kwa sababu bei ya korosho ya mwaka fulani haikumlipia ada ya wajukuu. Kama ardhi yake inahitajika ibaki wazi kwa usalama wa ndege za watu wote, basi watu wote washiriki kumfidia, au aendelee kulima mihogo na ufuta pale kwa makubaliano yanayoeleweka. Mazao mafupi hayamdhuru rubani.

Naomba sasa nigeuke upande wa uokoaji, maana hata tukipanga vizuri namna gani, ajali haina kinga.

Ndani ya uzio wa uwanja mambo yana kipimo. Viwango vya kimataifa vinataka gari la zimamoto la uwanjani lifike sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika tatu, likiwezekana mbili. Dakika tatu hizo zinaishia kwenye uzio. Nje ya uzio kuna mchanga. Mchanga wa Mtwara mnaujua, hata bajaji inazama wakati wa kiangazi. Viwanja vinavyouzwa kwa hatua haviachi barabara, vinaacha vichochoro vya kupita mtu na baiskeli yake. Gari lenye tani kadhaa za maji na povu litapita wapi? Ndiyo maana nasema suala la viwanja na suala la moto ni suala moja. Mkipima mitaa hii mkatoa barabara mbili tu za upana wa kutosha kutoka uwanjani kuingia kwetu, mtakuwa mmefanya zaidi ya kununua gari jipya.

Mpaka gari hilo lifike, waokoaji ni sisi. Bukoba imetufundisha hilo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua, ikiwa na watu 43, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alipiga mlango kwa kasia. Watu 24 walipona na 19 walifariki. Serikali ilimheshimu kijana yule kwa kumwingiza katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na lilikuwa jambo jema. Ningependa tuchukue pia somo la pili, kwamba kila mtaa na kila mwalo ulio chini ya njia ya ndege una Majaliwa wake, na afundishwe kabla.

Kwa sababu ujasiri bila mafunzo nao tumeuona gharama yake. Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikimbilia, wengine na madumu, na moto ulipolipuka ulichukua roho za watu zaidi ya 100. Mafuta ya ndege nyingi, yale yanayoitwa Jet A-1, ni ya ukoo mmoja na mafuta ya taa. Ndege ndogo za injini za pistoni zinatumia mafuta ya ukoo wa petroli, ambayo hushika moto haraka zaidi. Maji ya ndoo yakimwagwa juu ya mafuta yanayowaka huyasambaza, ndiyo maana zimamoto wanatumia povu. Mambo haya manne au matano yanatosha kuokoa watoto wetu: nani apige simu 114, nani azuie watu, upande gani wa upepo tusimame, mtu aliyeungua ahudumiweje kabla ya kufikishwa hospitali ya Ligula, na kwamba kipande chochote cha ndege kibaki pale kilipoangukia. Hilo la mwisho nalisema kwa kumaanisha. Wanunuzi wa vyuma chakavu wako kila kona, na kipande cha bati la ndege kinachouzwa kwa kilo kinaweza kuwa ndicho kinachoeleza kwa nini watu wamekufa. Wachunguzi wanatakiwa kutoa taarifa ya awali ndani ya siku 30, na hawawezi kuchunguza kisichokuwepo.

Viwanja vya ndege hutakiwa kufanya zoezi kamili la dharura angalau kila baada ya miaka miwili. Naomba zoezi linalofuata la Mtwara lisifanyike ndani ya uzio peke yake. Lileteni mtaani. Chagueni shamba, wekeni moshi, pigeni king'ora, tuone gari linakwama wapi. Tuhusisheni sisi wajumbe, walimu wa shule za msingi, vijana wa bodaboda ambao ndio hufika kila mahali kwanza, na akina mama wa vikoba ambao wana namba za simu za kila nyumba. Kama gari litakwama kwenye mchanga siku ya zoezi, tutalisukuma wote kwa furaha.

Nina jambo la mwisho, la fidia, na ni fupi. Abiria akiumia katika safari ya kimataifa ana Mkataba wa Montreal wa 1999, na nchi yetu imeuridhia. Mkataba huo haumhusu mama aliyekuwa anapika nyumbani kwake. Yeye anabaki na sheria za nchi na bima ya mwenye ndege, na hajui hata aanzie wapi. Wengi kwetu ni wapangaji, hawana hati ya nyumba, mali yao yote iko ndani ya chumba kimoja. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ndege zinazotua hapa zinatakiwa ziwe na bima gani kwa ajili ya watu wa chini, na aliyeathirika apeleke madai yake ofisi gani, ungebandikwa kwenye kila ofisi ya mtaa. Hauna gharama.

Haya nayaomba kwa Mtwara kwa kuwa ndiko ninakoishi, lakini wenzetu wa Lindi wana uwanja wao wa Kikwetu, na Nachingwea na Masasi nako kuna viwanja vya ndege vya siku nyingi. Huko wakianza leo wana nafasi kubwa kuliko sisi.

Waheshimiwa, mkutano wa hadhara wa mtaa wetu unaofuata tutaufanyia kwenye uwanja wa shule ya msingi. Tunaomba watu watatu tu: mpima ardhi wa manispaa, mtu mmoja wa uwanja wa ndege mwenye ramani ya njia za kupaa na kutua, na askari mmoja wa zimamoto. Yule kijana na mkewe bado hawajaanza kuchimba msingi. Nimewaomba wasubiri mpaka mje, wamekubali, na tofali zao wamezipanga pembeni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa serikali ya mtaa,
Manispaa ya Mtwara-Mikindani